MAISHA YA DAKTARI ARNOLD THEILER, MTAMBUZI WA MARADHI YA NG'OMBE



Waliohudhuria mkutano wetu uliopita watakumbuka kwamba baada ya chakula cha mchana baadhi yetu tulishuka bondeni kulitazama josho la shule. Wengi wetu tuliwahi kusimama pale alfajiri, miguu imelowa umande, tukiwasukuma ng'ombe wa shule waingie majini mmoja mmoja. Tukiwa pale, mwenzetu mmoja ambaye sasa ni mfugaji alitusimulia jinsi alivyopoteza ndama watano katika muda wa majuma matatu. Jirani yake alimwambia kuwa ni ndigana. Akaenda dukani akanunua dawa ya ndigana, akawachoma sindano, na ndama wakafa vile vile. Bwana mifugo alipofika ndipo alipomfahamisha kwamba dawa aliyotumia ni ya ndigana baridi, na ndama wake walikuwa na ndigana kali. Majina yanafanana, lakini maradhi ni mbalimbali.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliyekuwa akitusikiliza akauliza ni nani aliyegundua kwanza kwamba hayo ni maradhi mawili. Katika kundi zima la watu wazima hakuna aliyeweza kumjibu. Niliahidi kwamba nitatafuta jibu na kuliandika katika gazeti letu hili. Basi leo nalipa deni langu. Mtu huyo aliitwa Arnold Theiler, na maisha yake yana mafunzo kwa yeyote anayefuga, na hata kwa asiyefuga.

Mtoto wa mwalimu

Arnold Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi 1867 katika mji mdogo wa Frick, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Uswisi ni nchi ya milima na malisho, na ng'ombe huko ni mali na heshima, kama ilivyo kwa wafugaji wetu. Kijana Arnold alisomea udaktari wa mifugo katika miji ya Bern na Zürich, akafuzu mwaka 1889, kisha akafanya kazi kwa muda mfupi nchini kwake.

Wakati huo sayansi ya maradhi ilikuwa imepata macho mapya. Louis Pasteur huko Ufaransa na Robert Koch huko Ujerumani walikuwa wameonyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu ndivyo vinavyoleta maradhi mengi, kimeta kikiwa mojawapo. Kila kijana aliyeshika darubini alitamani kugundua kijidudu chake. Theiler naye alikuwa na hamu hiyo. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 24, alifunga safari kwenda Transvaal, nchi ya Makaburu kusini mwa Afrika, akitumaini kupata kazi ya udaktari wa mifugo.

Kupoteza mkono

Alipofika hakupata kazi aliyoitazamia. Ilimbidi akubali kibarua katika shamba kubwa la Irene, karibu na Pretoria, daktari mzima akifanya kazi za mikono. Kabla mwaka haujaisha akapata ajali: mashine ya shamba iliunasa mkono wake wa kushoto, na mkono huo ukakatwa.

Hebu tufikiri kidogo, ndugu zangu. Daktari wa ng'ombe kazi yake ni ya mikono. Hushika pembe, huzalisha, hupasua mizoga. Kijana huyu yuko ugenini, hana fedha, na sasa ana mkono mmoja. Wengi wetu tungepanda meli turudi nyumbani. Theiler hakurudi. Alihamia Pretoria, akafungua kazi yake mwenyewe ya kutibu wanyama, akajifunza kufanya kwa mkono mmoja yale ambayo wenzake waliyafanya kwa miwili.

Mwaka 1893 ndui ilizuka katika eneo la machimbo ya dhahabu, na chanjo ikahitajika haraka. Theiler alijua jinsi ya kuitengeneza kwa kutumia ndama, akapewa kazi hiyo, akaifanya vizuri. Jina lake likaanza kusikika serikalini. Mwaka huo huo alimwoa Emma Jegge, binti wa kwao Uswisi, aliyemfuata hadi Afrika.

Sotoka yavuka Zambezi

Wazee wetu waliofuga hawahitaji kuelezwa sotoka ni kitu gani. Ng'ombe hushikwa na homa kali, macho na pua hutoa uchafu, midomo huota vidonda ndani, kisha huharisha mpaka anaishiwa nguvu, na katika siku chache huwa mzoga. Ugonjwa huu uliingia katika pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kusini. Kuanzia mwaka 1890 uliziangamiza ng'ombe za Wamasai na za makabila mengine ya Afrika ya Mashariki, njaa ikafuata nyuma yake. Haukuwaacha wanyama wa porini: mbogo nao walianguka kwa makundi makubwa, kwa kuwa mbogo na ng'ombe ni jamaa, na virusi vya sotoka havikubagua.

Mapema mwaka 1896 sotoka ilivuka Mto Zambezi. Serikali ya Transvaal ilimtuma Theiler kwenda Bulawayo kuuangalia ugonjwa huo, na aliporudi akafanywa daktari wa mifugo wa serikali. Njia iliyotumika mwanzoni ilikuwa bunduki: kuwapiga risasi ng'ombe wote wa kundi lililoguswa, wagonjwa na wazima. Lakini sotoka ilikwenda kwa kasi kuliko askari. Magari ya maksai yalisimama njiani, wanyama wamekufa wakiwa katika nira.

Theiler aliungana na Herbert Watkins-Pitchford, daktari wa mifugo kutoka Natal, wakafanya majaribio yao katika wilaya ya Marico. Walianza na jambo ambalo wafugaji walilijua tangu zamani: ng'ombe aliyepona sotoka haugui tena. Wakafikiri kwamba kama ni hivyo, basi ndani ya damu yake mna kinga, na yamkini kinga hiyo yaweza kuhamishwa. Walichukua damu ya ng'ombe waliopona, wakatenga maji yake ambayo wataalamu huyaita seramu, wakawachoma nayo ng'ombe wengine. Ilisaidia. Wakati huo huo Robert Koch mwenyewe aliitwa Kimberley, akapendekeza kutumia nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Nyongo iliwaokoa wengi, lakini njia ya seramu ndiyo iliyoendelezwa na wataalamu waliofuata, ikawa silaha kubwa dhidi ya sotoka kwa miaka mingi.

Hapana budi tuseme pia upande wa pili. Ng'ombe waliouawa kwa amri ya serikali walikuwa na wenyewe. Mwafrika aliyeona ng'ombe wake wazima wakipigwa risasi hakuweza kuona tofauti kati ya ugonjwa na mganga. Familia nyingi zilizopoteza mifugo hazikuwa na njia nyingine ila kuwapeleka vijana wao machimboni kutafuta ujira. Theiler alikuwa mtumishi wa serikali za walowezi, na faida ya kazi yake iliwafikia walowezi kwanza. Sayansi yake ilikuwa ya kweli, ila mlango wa kuifikia haukuwa wazi kwa wote.

Ugonjwa kutoka pwani yetu

Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza mwaka 1899, Theiler alikuwa upande wa Transvaal akiwatibu wanyama wa jeshi. Waingereza walipoiteka Pretoria mwaka 1900 walimkuta, wakaona kuwa mtu huyu ana faida, wakamwacha aendelee katika maabara yake ndogo ya Daspoort.

Baada ya sotoka na vita, nchi zile zilikuwa tupu. Watu wakanunua ng'ombe kutoka mbali ili kujaza tena mazizi. Mwaka 1901 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, yaani huku kwetu, walishushwa katika bandari ya Beira wakapelekwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Muda si muda ng'ombe wa huko wakaanza kufa. Mwaka 1902 vifo vilifika Transvaal.

Madaktari wengi walisema ni ugonjwa wa mkojo wa damu. Walikuwa na sababu. Ugonjwa huo ulijulikana, waliueleza Wamarekani Theobald Smith na Frederick Kilborne mwaka 1893, nao huletwa na kupe. Isitoshe, katika damu ya baadhi ya wagonjwa wapya vijidudu vya mkojo wa damu vilionekana kweli. Hata bingwa Koch aliwahi kunaswa na mtego huu. Alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 aliona vijidudu vidogo sana katika damu ya ng'ombe, akadhani ni hatua changa za vijidudu vya mkojo wa damu.

Hapa ndipo Theiler alipoonyesha ubingwa wake. Hakuuliza tu ni kijidudu gani kinachoonekana. Aliuliza kama mambo yote yanakubaliana. Akayapanga mbele yake moja moja.

Kwanza, ng'ombe waliokwisha kuugua mkojo wa damu wakapona, ambao hawakutazamiwa kuugua tena, walikufa kwa ugonjwa huu mpya. Kama ni ugonjwa ule ule, kinga yao ilikwenda wapi?

Pili, wagonjwa wengi hawakukojoa damu wala hawakupungukiwa na damu. Dalili zao zilikuwa matezi yaliyovimba, hasa chini ya sikio na mbele ya bega, homa kali, kukohoa, kupumua kwa shida, na mwisho povu puani.

Tatu, damu ya mgonjwa wa mkojo wa damu ikichomwa kwa ng'ombe mzima, humwambukiza. Damu ya mgonjwa wa ugonjwa mpya ilichomwa kwa ng'ombe wazima, nao hawakuugua.

Nne, kupe wenyewe walikuwa tofauti. Mkojo wa damu huletwa na kupe wa bluu, ambaye huishi juu ya ng'ombe mmoja tangu utoto hadi utu uzima na kuwarithisha watoto wake vijidudu kwa njia ya mayai. Ugonjwa mpya uliletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni. Huyu hubadilisha wanyama mara tatu: akiwa mchanga hunyonya kwa mmoja, huanguka chini, hujibadili, hupanda kwa wa pili, huanguka tena, na akiwa mkubwa hupanda kwa wa tatu. Akinyonya vijidudu kwa mnyama mmoja, huvipeleka kwa anayefuata. Katika mayai havipiti. Kazi hii ya kupe aliifanya pamoja na wataalamu wengine, mmojawapo akiwa Charles Lounsbury wa koloni la Cape.

Kwa hoja hizo nne ilithibitika kwamba maradhi ni mawili, na kwamba ng'ombe wengine walikuwa na yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana watu walichanganyikiwa. Mwaka 1904 Theiler alikieleza kijidudu hicho kidogo, na mwaka 1907 wataalamu wa Ureno wakalipa jina lake jamii nzima ya vijidudu hivyo. Ndiyo sababu hadi leo kijidudu cha ndigana kali kinaitwa Theileria parva. Koch, ambaye aliitwa tena kusini mwaka 1903, aliukumbuka ugonjwa aliouona Dar es Salaam, akauita homa ya pwani ya Afrika. Ni yeye pia aliyeonyesha vijidudu hivyo vikiwa ndani ya seli za matezi, na mpaka leo bwana mifugo anayetaka uhakika huchoma sindano katika tezi lililovimba, hupaka majimaji yake juu ya kioo, huyatia rangi na kuyatazama katika darubini.

Utambuzi huo ulileta kinga palipokuwa hakuna dawa. Kwa kuwa kijidudu hakipiti katika mayai, na kupe akinyonya kwa mnyama asiyeshikwa na ugonjwa hujisafisha, malisho yakiachwa bila ng'ombe kwa muda wa kama miezi 15 huwa salama. Na kwa kuwa kupe hukaa juu ya ng'ombe siku chache tu kila anapopanda, ng'ombe akioshwa kila baada ya siku chache kupe hufa kabla ya kumaliza kazi yao. Watkins-Pitchford huko Natal ndiye aliyepima sawasawa maji ya aseniki na siku za kuogeshea. Kwa josho, uzio na karantini, Afrika ya Kusini iliufuta ugonjwa huo katikati ya miaka ya 1950. Josho letu la bondeni, ndugu zangu, ni mjukuu wa kazi hiyo.

Nukta ukingoni

Mwaka 1908 serikali ilimjengea Theiler maabara kubwa mahali panapoitwa Onderstepoort, kaskazini ya Pretoria. Huko aliendelea kuchambua damu ya ng'ombe. Aliona kwamba baadhi ya wagonjwa walioitwa wa mkojo wa damu hawakuwa na vijidudu vya ugonjwa huo hata kimoja. Walikuwa wamedhoofu, utando wa macho na ufizi umekuwa wa njano, kinyesi kikavu na kigumu. Katika chembe nyekundu za damu yao mlikuwa na nukta ndogo, nyeusi, zimekaa ukingoni kabisa. Wengine waliziona nukta za namna hiyo wakafikiri ni uchafu au ni dalili tu ya upungufu wa damu. Theiler alisema ni kijidudu chenyewe, na mwaka 1910 akakipa jina la Anaplasma marginale, kwa sababu ya kukaa kwake ukingoni.

Huo, kijana wangu wa Kidato cha Pili, ndio ugonjwa ambao sisi tunauita ndigana baridi. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ndigana zote mbili zilipita katika darubini moja, ya mtu mwenye mkono mmoja.

Alikwenda mbele zaidi. Aligundua kijidudu ndugu, ambacho nukta yake hukaa karibu na katikati ya chembe, na ambacho humwugusha ng'ombe kidogo tu. Akaona kwamba ng'ombe aliyeugua huo mdogo hujikinga na ule mkubwa. Chanjo hiyo imetumika katika nchi kadhaa za dunia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Uwanda wa umaskini

Nimewasifia ushindi wake. Sasa niwaeleze kosa lake, maana ndilo lililonifanya nimpende.

Katika sehemu kavu za Afrika ya Kusini ng'ombe walikuwa wakipooza. Mnyama aliyekuwa akila vizuri jana, leo hawezi kusimama, kesho hawezi kumeza, kesho kutwa amekufa. Makaburu waliuita lamsiekte, maana yake ugonjwa wa kupooza. Theiler alitafuta kijidudu hakukipata. Baadaye akashika wazo kwamba kuna sumu katika majani, akaliandika na kulitetea kwa miaka kadhaa. Majaribio hayakumkubali. Sifa alikuwa nazo, serikali ya Uingereza ilikwisha kumtunuku cheo cha Sir mwaka 1914, na hakuna ambaye angemlazimisha kujikosoa. Yeye aliliacha wazo lake mwenyewe, akaanza upya.

Baada ya vita kuu ya kwanza alipiga kambi karibu na Vryburg katika shamba la Armoedsvlakte, jina ambalo maana yake ni uwanda wa umaskini, akiwa na wenzake, mmoja wao mkemia Henry Green. Hapo aliacha kutazama maiti akatazama wanyama walio hai. Akaona wanakula mifupa. Wafugaji walilijua jambo hilo siku zote, na katika miaka ya 1880 daktari mmoja wa mifugo wa Cape aliwahi kushauri ng'ombe wapewe unga wa mifupa. Theiler alifuata kamba hiyo mpaka mwisho wake. Ardhi ya pale ina upungufu wa fosforasi. Kwa hiyo majani yana upungufu wa fosforasi, na ng'ombe anayekula majani hayo hushikwa na uchu usiozuilika wa kutafuna mifupa. Mifupa anayoiokota ni ya mizoga iliyooza, na ndani ya uozo huo huishi bakteria inayotoa sumu kali ajabu. Sumu hiyo ndiyo inayopoozesha.

Basi ugonjwa ulikuwa na sababu tatu, moja juu ya nyingine: udongo, uchu na uozo. Asingeweza kuuona kwa darubini peke yake. Na tiba yake haikuhitaji sindano: wape ng'ombe unga safi wa mifupa, zika au choma mizoga. Ng'ombe waliopewa unga wa mifupa waliacha kuokota mifupa, wakanenepa, na maziwa yakaongezeka. Uwanda wa umaskini ukawa malisho.

Mwalimu na wanawe

Mwaka 1920 Theiler alianzisha chuo cha udaktari wa mifugo pale Onderstepoort, akawa mkuu wake wa kwanza. Chuo hicho kilitoa wataalamu hodari, lakini kwa miongo mingi hakikupokea wanafunzi Waafrika, ingawa mikono iliyowashika ng'ombe wa majaribio, iliyochota damu na kusafisha mabanda, kwa sehemu kubwa ilikuwa mikono ya Waafrika. Ni haki kulitaja hilo katika gazeti la shule ya Kiafrika.

Nyumbani kwake elimu haikuishia mlangoni. Binti yake Gertrud alikuja kuwa bingwa wa kupe wa Afrika. Mwanawe Max, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1899, alikwenda Marekani, akatengeneza chanjo ya homa ya manjano, na mwaka 1951 akapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wetu tumechanjwa kwa chanjo hiyo tulipotaka kusafiri nje. Baba hakuishi kuiona siku hiyo. Alistaafu mwaka 1927, na tarehe 24 Julai 1936 alifariki dunia mjini London, akiwa na umri wa miaka 69.

Yaliyofuata

Adui wake wa kwanza, sotoka, hayupo tena. Ugonjwa huo ulionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001 kwa mbogo wa hifadhi ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba umekwisha. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa duniani.

Ndigana kali ingali nasi. Wataalamu wametambua kwamba mbogo ndio nyumba yake ya asili. Mbogo hubeba vijidudu vya ndigana kali bila kuonyesha shida, kupe humnyonya, na ng'ombe anayelishwa karibu na mbuga huokota kifo majanini. Ndiyo sababu Afrika ya Kusini ilifaulu kuufuta ugonjwa kwa ng'ombe lakini kamwe haikuacha kuwachunga mbogo wake. Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo ambayo ng'ombe hupewa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimwue, na wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania wameitumia kwa ndama wao. Aidha ipo dawa ya kutibu, buparvakwoni, lakini ni ya mwenye kuwahi. Ng'ombe akishafika kwenye povu la puani, dawa huwa imechelewa.

Na hapa narudi kwa mwenzetu wa ndama watano. Dawa aliyoinunua haikuwa mbovu. Ni dawa nzuri kwa ndigana baridi. Ilichokosa ni kupapasa kidogo chini ya sikio la ndama na mbele ya bega. Kama tezi limevimba na ndama ana homa na kikohozi, fikiria ndigana kali. Kama ufizi ni wa njano na kinyesi ni kikavu, na matezi hayajavimba sana, fikiria ndigana baridi. Kisha mwite bwana mifugo achukue damu na maji ya tezi, kwa maana macho ya Theiler mwenyewe hayakuaminika bila darubini. Wala usifiche ugonjwa kwa hofu ya karantini. Mficha maradhi kifo humwumbua, na katika mifugo kifo hicho huwaumbua na majirani.

Vijana wetu, kuna siku mtakuwa na hakika juu ya jambo fulani, na mambo mnayoyaona hayatakubaliana na hakika yenu. Siku hiyo mkumbukeni mtu huyu wa Armoedsvlakte. Mwenzetu amenunua ndama wengine watatu, na ameniomba niseme kwamba sasa hupapasa masikio yao kila jioni kabla ya kufunga zizi. Tukutane tena mkutano ujao, penye josho.